Kovu Lisiloonekana Kifuani

Askari aliyemaliza dawa za kifua kikuu, akaambiwa amepona, kisha akashindwa kukimbia mchakamchaka pamoja na wenzake, ni rahisi kumwita mvivu. Katika kambi za Arua na vituo vya polisi vya Koboko, kama mahali pengine popote penye amri na kwata, neno hilo ni jepesi kutamkwa. Lakini huenda askari huyo anabeba kovu ambalo mkuu wake halioni.

Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo Robert Koch alivitangaza mjini Berlin mwaka 1882, huingia mapafuni kwa njia ya hewa. Humo hukutana na chembe za kinga ambazo kazi yake ni kumeza adui. Chembe hizo zikizidiwa hutuma matarishi, yaani protini ndogo sana ziitwazo sitokaini. Tarishi mmoja, TNF, huita chembe nyingine zije kumzingira adui. Mzingiro huo hauna budi kuwapo: mnamo 2001 madaktari walieleza jinsi wagonjwa wa viungo waliopewa dawa ya kumzuia tarishi huyo walivyopatwa na kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini.

Tarishi mwingine, TGF-beta, huamuru ujenzi. Kwa amri yake nyuzi ngumu za kolajeni hutandazwa penye jeraha, mithili ya fundi azibaye ufa. Vita vikiwa vifupi, kovu huwa dogo. Vikidumu miezi mingi, amri haikomi, na pafu lililokuwa laini kama sifongo hukakamaa, likashindwa kutanuka. Hivyo sehemu kubwa ya madhara hayo hutokana na ulinzi wa mwili wenyewe.

Dawa huua vijidudu, hazifuti kovu. Majaribio ya miaka ya 1970, yaliyofanyika Uganda, Kenya, Tanzania na Zambia, yalisaidia kuthibitisha kwamba miezi 6 ya dawa yatosha, badala ya mwaka mmoja na nusu wa zamani. Hiyo ni fahari ya Afrika Mashariki. Hata hivyo, dawa bora kabisa ikichelewa hukuta nyuzi zimekwisha kutandazwa.

Koboko iko mahali Uganda inapopakana na Kongo na Sudan Kusini, na wengine hupenda kuwasingizia wakimbizi. Kijidudu hakiulizi hati ya kusafiria. Chumba chenye vitanda vingi na madirisha yaliyofungwa humfaa zaidi kuliko mpaka wowote.

Basi askari akohoaye kwa wiki 2 na apewe ruhusa siku hiyo hiyo kwenda kupimwa makohozi, hospitali ya Koboko au ya rufaa ya Arua. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Naye aliyemaliza dawa lakini bado anahema, apigwe picha ya kifua na kupimwa nguvu za pumzi kabla ya kuadhibiwa kwa kuchelewa mbioni. Kazi ya simu ya upepo, ya ghala au ya ofisi haihitaji mapafu ya mkimbiaji.