Mwili wa kijana anayekunywa dawa



Leo tunasema juu ya vijana wetu waliozaliwa na virusi vya SIDA, au UKIMWI kama tulivyozoea kusema kule Kigoma. Tunasema juu ya mafuta ya mwili wao. Huyu mashavu yameingia ndani, yule tumbo limetoka, na mtaa mzima unajifanya munganga. Kijana wa miaka 14 akisikia hivyo mara mbili, vidonge anavitupa chooni.

Virusi vyenyewe, visipotibiwa, vinakula mwili: mafuta na nyama vinapungua pamoja. Halafu zamani kulikuwa na dawa, stavudini, iliyotumiwa sana Afrika ju bei yake ilikuwa ndogo. Ilizuia virusi, lakini iliharibu chembe zinazotunza mafuta chini ya ngozi. Mashavu, mikono, miguu na makalio vikakonda, nyayo zikawaka moto. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri nchi ziiache polepole. Wakubwa walioinywa miaka ile, bado tuko nao. Mafuta ya uso yakirudi, yanarudi taratibu sana.

Siku hizi wengi wanakunywa dolutegraviri, na hii watu wanaongezeka kilo. Utafiti wa Afrika Kusini uliotoka 2019 ulionyesha hivyo, na wanawake waliongezeka kuliko wanaume. Sasa msichana anayebalehe, nyonga zake zinapanuka hata bila dawa yoyote. Jicho la jirani litajuaje? Kilo na urefu vipimwe kila anapofuata dawa, viandikwe kwenye karatasi yake. Kilo zikipanda mbio, munganga ana mashauri, na dawa nyingine zipo. Kuacha kwa siri, hapana kabisa: wiki chache tu virusi vimejaa tena, na kule kukonda kwa kweli kunaanza.

Iko na jambo lingine, gumu. Kuna walezi ambao mpaka leo wanamwambia mtoto ni vidonge vya kifua. Asiyejua anachokunywa atavumilia vipi masengenyo? Aambiwe angali shule ya msingi, kidogo kidogo, na mtu anayempenda.

Mchango wa mwezi huu tumeuweka kwa nauli ya pikipiki ya vijana wanaotoka mbali kufuata dawa. Mlezi aje kwa mweka hazina peke yake. Jina halisomwi kikaoni.