Gitaa lililoondoka Tanga

Msikilizaji wa Korogwe na Handeni, wimbo "Sina Makosa" ukipigwa kwenye basi, wengi watakwambia ni wa Kenya. Ni kweli, ulirekodiwa Nairobi. Lakini safari yake ilianzia mkoani kwetu. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson na George Kinyonga, walianza muziki na Jamhuri Jazz ya Tanga. Baadaye wakahamia Arusha, na mwaka 1971 wakavuka mpaka na kuunda bendi ya Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wapigaji walijitenga, wakaanzisha Les Wanyika. Hao ndio wenye wimbo huo.

Nairobi ilikuwa na kampuni za kurekodi na kufyatua santuri. Huku Tanzania mwanamuziki alitegemea zaidi studio ya redio ya taifa. Basi waliondoka, na sifa ikaondoka nao. Hilo linaniuma. Sikiliza gitaa la Omar Shabani wa Les Wanyika, linavyojirudia kwa upole bila kuchoka! Leo kinanda kimoja cha umeme kinashika nafasi ya wapigaji watano. Kabla kumbukumbu hizo hazijapotea, wazee waliocheza dansi enzi za mashamba ya mkonge wahojiwe, sauti zao zihifadhiwe, tena mapema.