Kulabu ya Kufuliwa na Kulabu ya Kumiminwa

Ndugu na dada wanavikundi, mwaka jana tulikuwa tukiinua mabomba ya pampu kisimani, kulabu ikakatika pah! Mabomba yakarudi chini. Bahati hakuna aliyeumia. Tulikuwa tumenunua ile ya bei nafuu, ya chuma cha kumiminwa, kwa sababu imepakwa rangi vizuri tu.

Chuma cha kumiminwa huyeyushwa, kikamwagwa kalibuni. Chaweza kuficha matundu ndani, na kikizidiwa hukatika ghafla bila kupinda kwanza. Ile ya kufuliwa ni kipande cha chuma cha pua kilichotiwa moto, kikagongwa na nyundo ya mashine katikati ya kalibu mbili mpaka kijaze nafasi yote. Kinachozidi hutokeza ubavuni, kikakatwa. Basi tazameni ubavuni kama kuna alama pana ya mkato. Lakini alama peke yake haitoshi: uzito inaoruhusiwa kubeba uwe umechorwa kwenye kulabu yenyewe. Mwenye duka akianza kubahatisha, tokeni.

Wala msiende kiwandani kuagiza umbo lenu wenyewe kwa vipande vitatu. Kalibu hizo ni ghali mno, hulipa zikitoa vipande maelfu. Chagueni umbo linalotengenezwa tayari. Sisi tuliungana na vikundi viwili jirani tukanunua moja; daftari la zamu liko kwa mweka hazina.