Kondoo Chotara na Daftari Lake



Mfugaji yeyote aweza kupandisha kondoo wa mbegu mbili tofauti akapata chotara. Ugumu uko katika kuyahifadhi mema ya chotara huyo yasipotee kwa wajukuu wake. Leo napenda kuwaelezeni jinsi wafugaji wa Afrika ya Kusini walivyoifanya kazi hiyo, wakampata kondoo aitwaye Dorper.

Katika miaka ya 1930 wafugaji wa sehemu kavu za nchi hiyo walikuwa na shida. Kondoo wao wa mkia wa mafuta walistahimili ukame, lakini nyama yao ilipopelekwa London haikupata bei njema, kwa kuwa minofu ilikuwa haba na mafuta yamekusanyika mahali pamoja. Wataalamu wa Idara ya Kilimo, katika chuo cha Grootfontein, wakashirikiana na wafugaji kujaribu mbegu mbalimbali. Iliyofaulu ni ile ya dume la Dorset Horn, asili yake Uingereza, na jike wa Persia mwenye kichwa cheusi. Baba alileta nyama na kukua upesi. Mama alileta uvumilivu wa jua na njaa. Jina la mtoto likatungwa kwa vipande vya majina ya wazazi wake.

Wala msidhani mama huyo ni mgeni kwetu. Ingawa aliitwa wa Persia, asili yake ni kondoo wa Wasomali, waliofika Afrika ya Kusini kwa meli kiasi cha mwaka 1870.

Mwaka 1950 wafugaji hao walianzisha chama chao, wakajiwekea kanuni. Uzazi wa wanyama sharti uandikwe daftarini. Wakaguzi hutazama umbo, ukubwa, rangi, na jinsi mafuta yalivyoenea mwilini. Mnyama asiyefaa hakubaliwi kuwa mzazi, hata kama mwenyewe anampenda sana. Palitokea tofauti juu ya rangi, wengine wakitaka kichwa cheusi, wengine weupe mtupu; mwishowe aina zote mbili zilikubaliwa katika chama kimoja.

Dorper waliletwa Kenya tangu miaka ya 1950, wakaenea zaidi katika miaka ya 1970. Watu waliufurahia ukubwa wao, wakawapandisha na kondoo wekundu wa Kimasai mwaka hata mwaka, wengi bila daftari wala mpango. Penye ukavu mambo yaliweza kwenda vyema, lakini penye unyevu minyoo ilileta hasara. Majaribio yaliyofanywa Diani, huko Pwani, katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kondoo mwekundu hustahimili minyoo kuliko Dorper, na wana wake hufa wachache zaidi. Lakini kwa wakati huo kondoo mwekundu halisi alikuwa amekwisha kuwa adimu, kwa kuwa hapakuwa na aliyemwandika wala kumtenga.

Ndugu zangu, Dorper hana kosa. Kosa ni kuchanganya damu bila kukumbuka iliyotangulia. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kabla ya kununua dume la kigeni, nunueni kwanza daftari na kalamu; kisha watengeni majike wenu wekundu walio bora, mkae na majirani zenu mkapatane kanuni.