Kamba moja, ekari mbili

Juma hili naomba tuziache bei za vitu, twende Ifakara, katika bonde la Kilombero, tuzungumze habari za watoto wadogo na somo la maumbo.

Nimeichagua Ifakara kwa sababu ya mpunga. Asiye na shamba hukodi, na ekari mara nyingi hupimwa kwa miguu: hatua 70 kwa 70. Sasa mwenye shamba akikupeleka kwenye kipande cha hatua 100 kwa 40, ukakizunguka chote, utahesabu hatua 280, sawasawa na ukizunguka kile cha 70 kwa 70. Asiyejua atatoa fedha papo hapo. Lakini kipande cha kwanza kina hatua za mraba 4,900, na hiki 4,000. Amelipia ekari nzima, na karibu moja ya tano yake haipo.

Na huenda mtu huyo shule kasoma. Aliimba pamoja na wenzake kwamba eneo ni urefu mara upana, akanakili kutoka ubaoni, akapata vema. Hakuwahi kuona kwa macho yake kwamba mzunguko ni kitu kimoja na eneo ni kingine.

Mtoto wa darasa la tatu hulielewa jambo hili uwanjani. Chukua kamba ya hatua 12, funga ncha zake pamoja. Watoto wanne washike kona, wafanye mraba wa hatua 3 kila upande. Wenzao waingie ndani, kila mmoja na nafasi yake ya hatua moja kwa moja, wataenea 9. Kisha wale wa kwenye kona wasogee, kamba ile ile, wafanye umbo la hatua 5 kwa 1. Watabaki 5, na 4 watatolewa nje, tena kwa kelele. Hapo mwalimu aulize: je, kamba imepungua? Awaache wabishane. Mwalimu asiyeuliza swali hilo amewapa watoto mapumziko tu, na mapumziko tayari yamo kwenye ratiba.

Majirani zetu wa Msumbiji wana kamba nyingine. Mwanahisabati Paulus Gerdes, mzaliwa wa Uholanzi aliyefanya kazi Msumbiji miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2014, aliandika jinsi wanavijiji wa huko wanavyopima msingi wa nyumba. Kamba mbili za urefu sawa hufungwa pamoja katikati, ncha zote nne huvutwa zikakaza, na penye ncha ndipo penye kona za nyumba. Umbo linalotoka ni mstatili, pembe zake zimenyooka bila kifaa chochote cha dukani. Wape watoto kamba hizo wavute. Halafu badilisha moja, weka fupi zaidi, uwaulize nyumba imepatwa na nini. Watakuambia imepinda, na wataanza kutafuta sababu kabla hujawaagiza.

Najua pingamizi. Mzazi akipita na kukuta darasa zima nje limeshika kamba, atasema watoto wanacheza badala ya kusoma. Mwiteni naye ashike kona moja. Mkulima hatahitaji kuelezwa mara mbili habari ya kipimo cha shamba. Pingamizi la pili ni zito zaidi: tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa mengi yamefurika. Watoto 80 hawawezi kushika kamba moja. Basi kamba ziwe nne, au kundi moja lishike na jingine likisie idadi kabla wenzao hawajaingia ndani, maana kukisia nako ni kazi.

Na masika, uwanja wa Ifakara ukiwa tope tupu? Hapo ni uzi juu ya dawati na punje za mahindi mahali pa watoto.