MTOTO ANASIKIA NINI, ANASOMA NINI?
Maneno ya Kamati ya Elimu kwa wanachama kwenye mkutano wa mwaka wa harambee

  

Tumepewa dakika chache kabla kapu halijapita. Miaka yote tumesimama hapa kuomba matofali, mabati na madawati, na hamkutuangusha. Mwaka huu tunaomba kitu ambacho hakipigwi picha. Tunaomba mtusaidie kuwapima watoto wetu wa kidato cha kwanza na cha pili, tujue wanaposikiliza Kiingereza wanasikia nini, na wanapokisoma wanaelewa nini. Kisha mtusaidie kununua dawa ya ugonjwa tutakaoukuta.

Tuanze na hali yenyewe, kwa sababu wengi wetu tuliipitia na tumeisahau. Mtoto wa Sindeni au Kwamsisi huanza na Kizigua nyumbani. Wa Bungu au Vugiri huanza na Kisambaa. Wengine huanza na Kibondei, na wengine na Kimaasai. Akifika shuleni anakutana na Kiswahili, anasoma hesabu, sayansi na mengine yote kwa Kiswahili kwa miaka saba. Kiingereza kwake ni lugha ya tatu, na ni somo moja kati ya masomo mengi. Halafu Januari moja anavaa sare mpya, anaingia kidato cha kwanza, na karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza siku hiyo hiyo. Biolojia, jiografia, fizikia, vyote. Mtoto yule yule aliyekuwa akinyoosha kidole darasa la saba anakaa kimya.

Kimya hicho sisi wazazi tunakitafsiri tunavyotaka. Tunasema mtoto ni mvivu, au amepata marafiki wabaya, au hana akili ya sayansi. Mara nyingi akili anayo. Kinachomkwamisha ni lugha ambayo akili hiyo inaulizwa kwayo.

Jambo hili si geni nchini. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Mheshimiwa Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia kidato cha kwanza. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu kuanzia shule ya msingi hadi chuo kikuu, wakaona kuwa walio wengi hawakuwa na kiwango cha kusomea masomo mengine kwa lugha hiyo. Baadaye, mwaka 2010, mpango wa Uwezo ulianza kuwapima watoto nyumba kwa nyumba hapa Tanzania. Ripoti yake ya kwanza ilionyesha kuwa karibu nusu ya waliomaliza shule ya msingi hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili.

Tunajua baadhi yenu mtasema: basi dai letu liwe Kiswahili kifundishie. Wapo hata ndani ya kamati hii wanaoamini hivyo kwa moyo wote, na hatukuwanyamazisha. Lakini mjadala huo ni wa taifa, na una umri wa zaidi ya miaka arobaini. Mtoto aliyeko kidato cha kwanza Magoma leo atakaa kwenye mtihani wake kabla mjadala haujaisha, na mtihani huo utaandikwa kwa Kiingereza.

Tena kuna jambo la karibu zaidi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na elimu ya msingi imewekwa kuwa miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wale wa mwisho wa darasa la saba. Kwa hiyo Januari 2028 mikupuo miwili inatarajiwa kuingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hivyo hatapata nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, kama kazi hiyo haikuandaliwa mapema. Ndiyo maana tunasema tuanze sasa, tukiwa bado na nafasi ya kujifunza namna ya kuifanya.

Mtauliza: mitihani si ipo? Ipo. Kuna Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, kuna mtihani wa kidato cha nne. Lakini matokeo yale yanatuambia mtoto amepata D au F, hayatuambii amekwama wapi. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa kusoma na kuandika. Hakuna mahali mtoto anaposikilizishwa kitu akaulizwa amesikia nini. Na hata kwenye kusoma, aliyeelewa habari lakini hawezi kuandika sentensi, na ambaye hakuelewa kabisa, wote wanapata sifuri ile ile. Baraza la Mitihani lenyewe hutoa kila mwaka uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, na sababu zinazorudi somo baada ya somo ni mbili: mtahiniwa hakuelewa swali linataka nini, na lugha ya Kiingereza ilimpiga chenga.

Wazee wetu wanasema ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Kidato cha nne ndiyo siku ya mnada. Sisi tunataka kumjua ng'ombe aliyekonda akiwa bado malishoni.

Sasa tuwaeleze kazi yenyewe, ili mjue fedha yenu inakwenda wapi. Kipimo chetu kina sehemu nne.

Ya kwanza ni kusoma kwa sauti, mtoto mmoja na mpimaji mmoja, dakika tano. Anaanza na maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya ukurasa mmoja. Akimaliza anaulizwa maswali kuhusu alichosoma, na hapa sikilizeni vizuri: anaruhusiwa kujibu kwa Kiswahili. Tunachopima pale ni kuelewa, si kuzungumza. Mtoto anayesoma maneno yote kwa ufasaha lakini hawezi kukueleza hadithi ilihusu nini, amejifunza kutamka tu. Mwingine anasoma kwa kusitasita lakini anakusimulia kila kitu. Watoto hawa wawili wanahitaji msaada tofauti.

Ya pili ni kujaza nafasi. Tunachukua aya kutoka kwenye kitabu cha biolojia au jiografia anachokitumia darasani, tunaacha sentensi ya kwanza kama ilivyo, kisha tunaondoa kila neno la saba. Mtoto anajaza neno linalofaa. Akijaza vizuri zaidi ya nusu ya nafasi, kitabu hicho anaweza kukisoma kwa msaada wa mwalimu. Akijaza chache sana, kitabu kimemzidi, na kumwambia akajisomee nyumbani ni kumtwisha mzigo asioweza kuuinua.

Ya tatu ni kusikiliza. Mwalimu anasoma maelezo mara mbili, mtoto anachora. Kwa mfano, anaambiwa kwa Kiingereza achore barabara inayotoka Chalinze, aweke Mkata, aonyeshe njia inayochepuka kwenda Handeni, aendelee mpaka Segera, kisha aigawanye, mkono mmoja uende Tanga na mwingine uende Korogwe na Mombo. Hahitaji kuandika sentensi hata moja. Ramani yake inatuambia alichosikia. Baadaye anasikilizishwa sauti ya mtu mwingine kutoka kwenye spika, kwa sababu wapo watoto waliozoea sauti ya mwalimu wao mmoja tu. Humo tunaweka maneno yanayowasumbua watu wa Kiswahili, kama 'ship' na 'sheep', au 'fourteen' na 'forty'. Lugha yetu ina irabu tano tu, na sikio letu halikuzoea kutenganisha zaidi ya hizo. Aliyesikia arobaini badala ya kumi na nne atakosa hesabu anayoijua.

Ya nne ni maneno ya kuagiza: 'describe', 'outline', 'differentiate', 'give reasons'. Hayazidi ishirini au thelathini, na yanarudi kwenye kila mtihani wa kila somo. Mtoto anaambiwa aeleze kwa Kiswahili neno hilo linamtaka afanye nini. Kufundisha maneno haya ni kazi ya majuma machache, na hakuna sababu mtoto afike kidato cha nne bila kuyajua.

Baada ya hapo majibu yanasomwa pamoja. Mtoto anayesikia vizuri lakini hasomi vizuri, kwa kawaida amekosa vitabu. Anayesoma vizuri lakini hasikii, huenda amezoea kunakili kutoka ubaoni kuliko kusikiliza. Asiyeweza yote mawili anaanzia chini, kwenye maneno na hadithi nyepesi. Na mtoto ambaye hasikii hata akiulizwa kwa Kiswahili akiwa nyuma ya darasa, au anayesogeza karatasi mpaka puani, huyo anahitaji kupelekwa hospitali apimwe masikio au macho kabla hatujamlaumu kwa Kiingereza.

Kuna mzazi aliyetuuliza kama hatutawaaibisha watoto. Swali lake ni la haki, kwa sababu umri huu wa miaka kumi na mitatu mpaka kumi na sita ni umri wa kuona haya. Kwa hiyo tumekubaliana mambo matatu. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Hakuna jina litakalobandikwa ubaoni. Na majibu ya mtoto yatajulikana na yeye mwenyewe, mwalimu wake na mzazi wake. Mkutano huu utaletewa hesabu ya jumla tu, shule kwa shule, ya wangapi wako kundi gani mwanzoni mwa mwaka na wangapi wamehama kundi mwishoni.

Lakini kupima peke yake hakunenepeshi. Mizani haijawahi kumlisha ng'ombe. Ndiyo maana sehemu kubwa ya fedha tunayoomba ni ya vitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ulikuwepo mradi uliofadhiliwa na Uingereza uliopeleka masanduku ya hadithi nyepesi za Kiingereza kwenye shule za sekondari nchini. Wengi waliosoma miaka ya nyuma wanavikumbuka vitabu kama *Hawa the Bus Driver* na *Mabala the Farmer* vya Richard Mabala. Vilikuwa vyembamba, vya kuchekesha, na vya mazingira yetu, na mtoto alivimaliza. Kumaliza kitabu ndiko kunakomfanya mtoto atafute kingine.

Tunaomba sanduku moja la vitabu arobaini kwa kila mkondo wa kidato cha kwanza, vya ngazi tofauti, vikae darasani na vitunzwe na wanafunzi wenyewe kwa daftari la kuazima. Vitabu vikifungiwa kabatini ofisini havitamsaidia mtu. Tunaomba spika ndogo ya kuchaji kwa kila shule, kwa kuwa umeme haufiki kila mahali kila siku. Tunaomba karatasi na wino wa kuchapa vipimo. Na tunaomba nauli na chakula cha mchana kwa wapimaji. Hao tutawatafuta kwa walimu wetu wastaafu na kwa vijana wetu wanaosomea ualimu. Chuo cha Ualimu kipo pale pale Korogwe, na mwanachuo atajifunza mengi kwa kukaa dakika tano na mtoto mmoja.

Wapo watakaosema madarasa bado hayatoshi, tujenge kwanza. Ni kweli hayatoshi, na mfuko wa ujenzi unabaki pale pale. Hatugusi shilingi yake. Tunachosema ni kwamba darasa tulilojenga kwa jasho, mtoto akikaa ndani yake miaka minne bila kuelewa kinachosemwa, tumemjengea kivuli cha kukalia.

Kwa walioko Dar es Salaam, Tanga, Arusha na nje ya nchi, tunaomba mchango wa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Asiye na fedha alete kitabu kimoja. Aliyeko Muscat au London na anazungumza Kiingereza kila siku, ajirekodi kwa simu akisoma hadithi fupi polepole, atutumie. Sauti ya mtu wa nyumbani itasikilizwa Kabuku na Mombo, na mtoto atajua kwamba lugha hii watu wa kwao wanaiweza.

Mwaka ujao, kabla hatujaomba chochote, tutasimama hapa na kuwasomea hesabu: vitabu vingapi vilinunuliwa, vingapi vimepotea, watoto wangapi walipimwa mara ya kwanza na ya pili, na wangapi wamepanda. Kama hawakupanda, tutawaambia hivyo hivyo.

 Sasa kapu lipite.