Nani Anamlipa Mlezi?

Msikilizaji, kila inapofika Ramadhani au Krismasi, vituo vyetu vya kulelea wazee na yatima hujaa wageni. Magari hushusha mchele, mafuta, sukari na sabuni, dua ikasomwa, picha zikapigwa. Ni wema wa kweli, na Mungu awalipe waliotoa. Lakini nenda kwenye kituo kidogo mwezi mmoja baadaye. Maboksi ya sabuni yamepangwa mpaka darini, ila mlezi aliyekesha akimgeuza mzee asiyejiweza ili asichubuke mgongo, mshahara wake haujatoka. LUKU imeisha jioni, na msimamizi ananunua umeme kwa pesa yake ya mfukoni.

Uzima wa kituo haupimwi kwa kilichomo stoo, wala kwa salio la benki peke yake. Tuseme akaunti ina shilingi milioni 12. Milioni 10 ni za mfadhili aliyetaka kichimbwe kisima, haziguswi kwa jambo jingine. Zilizobaki huru ni milioni 2. Mishahara, chakula, dawa na umeme ni milioni 4 kwa mwezi. Kituo hicho kimebakiza wiki mbili tu.

Mwaka 2025 ulituonyesha hatari ya kutegemea mlango mmoja. Januari 20, Rais Donald Trump alisimamisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo ya Marekani kwa nchi za nje. Mwezi uliofuata, Uingereza ikatangaza kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Bajeti hizo hupangwa mbali, lakini maumivu yake huwafikia watu wanaohudumiwa mitaani kwetu.

Wajumbe wa bodi, msimwachie mhasibu mzigo huu. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 inadai hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Zisomeni ninyi wenyewe kabla ya kuzipeleka kwa Msajili. Kila kikao kiulize: mfadhili wetu mkubwa akijitoa leo, tutafika mwezi gani? Kisha tengeni akiba, kidogo kidogo, mpaka itoshe matumizi ya miezi mitatu.

Nanyi wafadhili mnaokataa kulipia mishahara na kodi ya pango, mkisema fedha yenu ni ya walengwa tu: mzee hawezi kulishwa, kuogeshwa na kupewa dawa pasipo mtu wa kumhudumia.

Sisi wengine tuendelee kupeleka mchele wa sikukuu. Lakini tuchange pia kila mwezi kwa simu, hata shilingi 5,000, tuseme wazi kwamba hii ni ya mishahara, na tudai risiti. Mlezi naye ana kodi ya kulipa na watoto wa kusomesha. Akiondoka yeye, kituo kimefungwa, hata kama stoo imejaa.